Kuchagua Picha ya Kioo cha Kompyuta kwa Somo la Siku

Kielelezo chema humfahamisha mtoto jambo ambalo maneno mengi hayalifikishi. Kielelezo hafifu humpotosha. Katika shule yenye kompyuta, mwalimu aweza kuweka kila asubuhi picha mpya inayoenea kioo kizima, nayo ikafungua somo: leo Jiwe la Bismarck la hapa Mwanza, kesho mitumbwi ya Ukerewe, keshokutwa samaki sato. Lakini yatupasa kwanza tufahamu jinsi picha hiyo ilivyoundwa.

Picha ya kompyuta ni safu za nukta ndogo ziitwazo pikseli, na kila pikseli ina rangi moja tu. Kioo chenye pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo kina jumla ya pikseli 2,073,600. Picha ya 640 kwa 480 ina 307,200 tu. Ikitandazwa juu ya kioo hicho, kompyuta hukisia rangi za nukta zilizopungua, na magamba ya sato hugeuka ukungu. Kukuza picha hakuongezi habari ambayo kamera haikuichukua. Aidha, uwiano wa picha hiyo ni 4 kwa 3, na wa kioo ni 16 kwa 9; ikivutwa kwa nguvu, Jiwe la Bismarck litaonekana limebonyea. Ni afadhali kupunguza sehemu ya juu au ya chini.

Tutazame mfano wa ziwa letu. Katika picha nyingi za setilaiti za Landsat, pikseli moja huwakilisha mraba wa meta 30 kwa 30. Magugu maji yaliyotanda ghubani huonekana. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, lina upana wa meta 28 hivi. Kwa hiyo huonekana kama uzi mwembamba. Mtumbwi wa mvuvi hauonekani kabisa.

Jambo hili laweza kufundishwa hata pasipo kompyuta. Wanafunzi wachore mraba wa vyumba 16 kwa 16 katika daftari la hisabati. Kwanza waunganishe vyumba vinne vinne, wapate 64 vikubwa, wachore sato kwa kujaza chumba kizima au kukiacha kitupu. Kisha wachore sato yuleyule pembeni kwa vyumba vyote 256. Mwalimu abandike michoro hiyo ubaoni. Walio mbali wataona tofauti ndogo. Wakisogea, wataona wazi ni upi wenye mapezi na mkia.

Kwa hiyo, kabla ya kipindi, mwalimu aitazame picha yake mara mbili: akiwa karibu na kioo, kisha akiwa kwenye dawati la mwisho. Ikiwa sehemu anayokusudia kuifundisha haibainiki kutoka mahali pote pawili, atafute picha nyingine.