Jabal Rahma na Mipaka ya Arafa

Kila mwaka mahujaji wanaporejea Iringa na Mbeya tunaulizwa suala lile lile: je, hija yangu imesihi ilhali sikuupanda mlima? Mwenye kuuliza alikaa hemani Arafa, tarehe 9 Dhulhija, akiomba dua mpaka jua likatua, kisha mwenzake akamtia wasiwasi.

Mlima huo ni Jabal Rahma, nao Waarabu wa kale waliuita Ilal. Ni kilima cha mawe matupu, kimo chake kama mita 70 kutoka uwandani. Aliyezoea kuutazama Loleza hatauita mlima. Uko jangwani, kiasi cha kilomita 20 kusini mashariki ya Makka, nje ya mipaka ya Haram. Kwa sababu hiyo Makureshi wa zama za Jahilia, waliojiita Hums, walikomea Muzdalifa na Arafa wakawaachia watu wengine. Jubayr bin Mut'im alikwenda huko kumtafuta ngamia wake aliyepotea, akamwona Mtume (S.A.W.) amesimama pamoja na watu, akastaajabu, kwani alimjua kuwa ni katika Hums. Baadaye aya ya 199 ya Suratul Baqara ikawaamrisha Makureshi watoke pale wanapotoka watu wote.

Katika Hija ya Kuaga, mwaka 10 Hijria (632), Mtume (S.A.W.) alisimama juu ya ngamia wake Qaswaa, chini ya kilima penye majabali. Hakupanda, na akabainisha kuwa Arafa yote ni kisimamo. Ngazi zilikuja baadaye. Ibn Jubayr, aliyehiji mwaka 579 Hijria (1184), alizikuta, na kuba kileleni. Wako wanavyuoni walioona kupanda ni jambo zuri, kama Mawardi, lakini Imamu Nawawi, ambaye sisi Mashafii humtegemea, alisema halina asili.

Ajabu ni kuwa watu hushughulika na kilima wakasahau mpaka. Bonde la Urana si Arafa, na sehemu ya mbele ya Msikiti wa Namira imo ndani ya Urana. Aliyeswali hapo akabaki mpaka akaondoka kwenda Muzdalifa, asiingie Arafa hata kidogo, hana hija kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi. Kwa Mashafii humtosha kuwamo Arafa japo kitambo kidogo, baina ya adhuhuri ya tarehe 9 na alfajiri ya tarehe 10.

Tena kuna jua. Mwaka 2024 serikali ya Saudia ilitangaza vifo vya mahujaji 1,301 katika joto kali. Mzee aliyetoka kwenye baridi ya Mbeya na akae chini ya miarobaini, ambayo maelfu yake yamepandwa uwandani humo, maadamu yumo ndani ya mabango ya manjano ya mpaka. Hija yake imesihi.

Wallahu a'lam.