Saa za mastaa: Ipi inarudisha mkwanja?

ZURICH, USWISI

KOMBE la Dunia 2010 kule Afrika Kusini, kocha wa Argentina, Diego Maradona alikuwa haishi vituko pembeni ya uwanja. Suti imemkaa, ndevu zina mvi, na mikononi kavaa saa mbili, moja kushoto, nyingine kulia. Zote Hublot.

Mashabiki walicheka, lakini kampuni hiyo ya Uswisi ilikuwa inavuna. Mwaka huohuo ndiyo ilianza kuwa mpima muda rasmi wa Kombe la Dunia, na baadaye mwamuzi wa nne alipoinua ubao wa mabadiliko kwenye fainali hizo, dunia nzima ilitazama umbo la saa ya Hublot.

Sasa mchezaji kijana akisaini mkataba mnono, kitu cha kwanza ni gari, cha pili ni saa. Na kazi yenyewe ya mpira ni miaka 15 hivi, hapo goti likikubali. Siku mambo yakienda kombo, saa ndiyo inayotoka kabatini kwenda kuuzwa. Hapo ndipo wengi wanaposhtuka, kwa sababu jina linalotamba uwanjani siyo lazima liwe lenye bei sokoni.

KWA KAZI NI SARE
Chukua saa tatu za kimichezo zenye kipima muda, zile za kubonyeza kitufe mshale ukaanza kuhesabu. Kuna TAG Heuer Carrera na Rolex Daytona, zote zilizaliwa 1963, na Hublot Big Bang iliyokuja 2005.

Kwa sifa zinabanana kweli. Zote hazitumii betri, zinajijaza zenyewe mkono ukitembea. Zote zinahimili maji hadi mita 100. Ukiivua Daytona au Big Bang yenye mashine ya Unico ukaiacha mezani, inatembea saa 72. Carrera ya kizazi kipya inafika saa 80. Kwa mtu anayetaka saa ya kuvaa tu, Carrera haina aibu mbele ya wenzake.

Bei ndiyo inayozitenganisha. Dukani Carrera inacheza kwenye Dola 7,000, Daytona ya chuma inavuka Dola 15,000, na Big Bang Unico ya titani inasogea Dola 20,000.

Ukitazama bei hizo tu, utasema Hublot ndiye mbabe. Subiri siku ya kuuza.

FOLENI NDIYO BEI
Daytona ya chuma huwezi kuingia dukani ukatoka nayo. Watu wanaandikisha majina na kusubiri, wengine miaka. Aliyechoka kusubiri anakwenda kwa aliyenayo, na huko anailipia zaidi ya bei ya dukani. Mwenye nayo anaivaa, anaiuza na bado anabaki na chenji.

Big Bang ni hadithi nyingine. Mara nyingi ikishatoka dukani inapoteza theluthi ya bei au zaidi. Carrera nayo inashuka, ila kwa kuwa ilinunuliwa kwa bei ndogo, kidonda chake ni kidogo.

Siyo kwamba Hublot ni saa mbovu. Ishu ni kwamba inatoa matoleo maalumu mengi mno: la mashindano haya, la klabu ile, la staa fulani. Toleo maalumu likishakuwa na ndugu mia, umaalumu unapungua na mnunuzi anajua atapata jingine kesho. Rolex, ambayo mabango yake yamezoeleka kwenye tenisi na gofu kuliko kwenye soka, inaacha foleni ifanye kazi.

TEKNOLOJIA INAZEEKA
Mfano mzuri ni wa Kombe la Dunia 2018 nchini Urusi. Hublot ilitoa Big Bang Referee, saa janja ya kwanza ya kampuni hiyo, zikatengenezwa 2,018 tu. Ilikuwa inamjulisha mvaaji bao, kadi na mabadiliko. Bei ilikuwa Dola 5,200.

Utamu wa mwezi mmoja. Saa ya mashine ikitunzwa inarithiwa na mjukuu, wakati saa janja inafuata njia ya simu: betri inachoka, programu inapitwa na wakati, na mnunuzi anakuuliza inafanya nini sasa.

Hata hivyo, Rolex nayo siyo benki. Bei za saa zilizotumika za Rolex, Patek Philippe na Audemars Piguet zilipaa kipindi cha Uviko-19, zikafika kileleni mapema 2022, kisha zikaporomoka. Aliyenunua kileleni akitegemea faida aliumia kama aliyenunua mshambuliaji kwa mabao ya msimu mmoja.

SAA MOJA BEI MBILI
Vigogo wa soka wanalijua hili. Kombe la Dunia 2014, Shirikisho la Soka Brazil (CBF) liliweka saa za Parmigiani kwenye mikoba ya zawadi za viongozi. CBF ilisema ilizinunua Dola 8,750 kila moja. Kamati ya maadili ya Fifa ikamwita mtathmini, akasema Faranga 25,000 za Uswisi. Viongozi wakaamriwa wazirudishe.

Ndiyo maana mjanja haulizi saa inauzwaje dukani, anauliza zilizotumika zimetoka kwa bei gani wiki hii. Anatunza boksi na karatasi, maana bila hivyo mnunuzi anahofia feki au ya wizi. Tangu mwishoni mwa 2022, Rolex yenyewe inathibitisha saa zilizotumika kupitia mawakala wake. Na kuna gharama ya fundi kila baada ya miaka kadhaa, ambayo ni mamia ya dola.

Hofu ya wizi nayo siyo ya bure. Agosti 2022 Robert Lewandowski alinyakuliwa saa yake nje ya uwanja wa mazoezi wa Barcelona, akiwa amesimama kwa ajili ya mashabiki. Polisi waliipata.

Saa ya Maradona ilikwenda mbali zaidi. Desemba 2021, mwaka mmoja baada ya kifo chake, polisi wa jimbo la Assam, India waliikamata Hublot yake iliyoibwa Dubai. Hublot zenye jina la Maradona ziko nyingi na zinashuka bei kama nyingine. Ile moja aliyokuwa akiimiliki mwenyewe ndiyo isiyoweza kupangiwa bei ya dukani.