Maumivu ya Ghafula ya Mama Mwenye Mimba

Kila mama aliyepata kuchukua mimba ajua ya kuwa tumbo halikosi maumivu madogo madogo. Hayo ni ya kawaida, wala hatutaki wasomaji wetu wayaogope. Lakini liko jambo moja, lisilotokea mara nyingi, ambalo likidhaniwa kuwa ni mojawapo ya hayo huleta hasara kubwa. Nalo ni kusokoteka kwa ovari.

Ovari ni vifuko viwili vya mayai ya uzazi, kimoja kila upande wa tumbo la uzazi. Kila kimoja chapata ukubwa wa lozi, nacho huning'inia kwa kikonyo kipitacho mishipa ya damu. Pengine uvimbe wenye maji huota katika ovari, na mara nyingi hutoweka wenyewe bila madhara. Lakini ukiwa mkubwa, hasa ukipita sentimita 5, waweza kuizungusha ovari hata kikonyo kikasokoteka kama kamba. Kwanza damu huingia isiweze kutoka, na ovari huvimba. Kisha hata ile ya kuingia huzuiwa, na ovari huanza kufa. Katika mimba, hayo hutokea zaidi miezi ya kwanza.

Dalili zake ni hizi: maumivu makali huanza ghafula upande mmoja chini ya kitovu, na mama huona kichefuchefu au hutapika. Homa yaweza isiwepo. Pengine maumivu hupungua, kisha hurudi. Twaomba mwangalie sana kule kupungua, maana ndiko kunakowadanganya watu wa nyumbani, wakasema, "Amepata nafuu, tungoje kesho." Wahenga walinena kweli: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Basi mume na jamaa wafanyeje? Wasimkande tumbo, wala wasimpe dawa za miti. Wasimpe chakula njiani, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi. Wampeleke saa ile ile, hata ikiwa ni usiku, kwenye hospitali yenye mpasuaji. Wamweleze daktari umri wa mimba, saa maumivu yalipoanza, na kama mama aliwahi kuambiwa ana uvimbe. Huenda ikaonekana ni ugonjwa wa kidole tumbo, au mimba iliyotunga nje ya tumbo la uzazi. Hayo nayo hayangoji.

Daktari hutazama ndani kwa ultrasaundi, nayo haimdhuru mtoto. Lakini hata picha ikionyesha damu ingali yapita, ovari yaweza kuwa imesokoteka. Kwa hiyo msishangae daktari akiona vema kupasua.

Wengi huogopa kisu, wakidhani kwamba mimba itapotea. Yafaa wajue ya kuwa kazi ya mpasuaji ni kuirudisha ovari mahali pake, na hata ikiwa imegeuka rangi kuwa nyeusi, mara nyingi hupona isikatwe. Mimba nyingi huendelea salama hata siku ya kuzaa. Ikilazimu kuiondoa ovari inayoitegemeza mimba katika majuma ya kwanza, mama hupewa dawa ya homoni mpaka kondo la nyuma liweze kazi hiyo.

Enyi walimu, wasomeeni wanaume pia habari hii; maana mara nyingi wao ndio waamuao safari ya hospitali.