Baridi ya Karatu haipozi kabati la televisheni

Julai ikifika Karatu, jua likishazama kila mtu anatafuta koti. Kule juu, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ukungu huingia hadi barazani na chai hupoa kabla hujafika nusu kikombe. Mwambie mwenye nyumba wa huku kwamba amplifaya aliyoifungia ndani ya kabati la televisheni inateseka kwa joto, atakushangaa. Joto gani, na baridi yote hii? Swali ni la haki. Jibu lake linaeleza kwa nini chombo kizuri kinaweza kufa mapema katika nyanda hizi, kwa nini feni ndogo yenye kelele si dawa, na kwa nini kabati hilohilo linaweza kuwa hatari kwa mapafu ya wanaolala karibu nalo.

Tuanze na kilichomo. Kabla ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikitangulia Desemba 31, 2012, sebule nyingi zilikuwa na televisheni, deki na waya wa antena. Leo kuna king'amuzi, sabufa au amplifaya ya spika tano, ruta ya intaneti, stabilaiza na, kwa wanaotumia sola, inveta na betri yake. Seremala ametengeneza kabati zuri la milango ya mbao, waya zimepitishwa kwenye tundu dogo la nyuma, kisha kabati limesukumwa mpaka likagusa ukuta. Umeme karibu wote unaoingia humo huishia kuwa joto. Ving'amuzi vingi hata ukivizima kwa rimoti huendelea kula umeme, na ukiweka kiganja juu yake utahisi uvuguvugu. Jumlisha vyote wakati Simba na Yanga wako uwanjani na sauti imepandishwa, si ajabu kufika wati 100. Ni joto la ile balbu ya zamani ya wati 100 isiyoshikika kwa mkono, ikiwaka ndani ya sanduku lililofungwa.

Baridi ya nje haisaidii kwa sababu haiingii. Mbao na plaiwudi hupitisha joto polepole mno. Wairaqw wa Karatu na Mbulu walizijua vizuri tabia za kuta: tembe zao za zamani, zilizochimbwa ubavuni mwa mlima na kuezekwa kwa udongo, hazikuwa na joto kali mchana wala baridi kali usiku, kwa kuwa udongo mzito hunywa joto jingi na kuliachia taratibu. Plaiwudi ya milimita 18 haina uzito huo. Hainywi joto, inalizuia tu lisitoke.

Kisha kuna jambo ambalo mtu wa Tanga au Dar es Salaam halimsumbui kabisa: wepesi wa hewa. Mji wa Karatu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta uko karibu mita 2,300. Kwa kipimo cha kawaida cha wanasayansi wa anga, hewa ya Karatu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 14 hivi, na ile ya ukingoni kwa asilimia 20. Feni husukuma hewa kwa ujazo, lakini joto hubebwa na uzito wa hewa. Ili kuondoa joto la wati 100 huku kabati likizidi chumba kwa nyuzi 10 tu za Selsiasi, pwani unahitaji kama lita 8 za hewa kila sekunde. Ukingoni mwa kreta unahitaji zaidi ya 10. Feni ileile, kazi kubwa zaidi.

Geuza chombo chako uangalie nyuma. Vingi vilivyotengenezwa China vina alama ndogo ya mlima iliyoandikwa 2000m. Maana yake ni kwamba vimekusudiwa kutumika mahali pasipozidi mita 2,000. Hewa nyepesi hupoza kwa shida, na pia ni dhaifu katika kuzuia cheche za umeme zisiruke kati ya sehemu na sehemu. Mji wa Karatu bado uko salama chini ya mstari huo. Ukishapita lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro na kupanda hadi ukingoni, umeuvuka, na hapo kuziba matundu ya chombo ni kukiongezea adhabu juu ya adhabu.

Kinachoumia kwanza ni kapasita, yale mapipa madogo ya alumini yenye majimaji ndani yake. Kanuni inayotumiwa na wahandisi wa elektroniki duniani kote ni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, uhai wa kapasita hupungua kwa nusu. Mafundi wa redio huitambua iliyochoka kwa macho: kichwa chake kimevimba kama kimejazwa upepo, na wakati mwingine pembeni pana utando wa rangi ya kahawia uliovuja. Mwenye chombo husema umeme umekiunguza. Mara nyingi kimepikwa taratibu, jioni baada ya jioni.

Tiba ya kwanza haina kelele hata kidogo, maana haina feni. Hewa moto hupanda yenyewe. Ipe tundu la kutokea juu kabisa ya kabati na tundu la kuingilia chini kabisa, na kadiri umbali kati ya mawili hayo unavyokuwa mrefu ndivyo mvuto unavyoongezeka. Makosa ya maseremala wengi ni kutoboa matundu madogo mengi katikati ya ubao wa nyuma, yakitazama ukuta. Hayo hayafanyi kazi. Kwa wati 100, kabati la mita moja kwenda juu lingetaka nafasi mbili, kila moja ukubwa wa karatasi ya A4, na kabati lisogezwe walau sentimita 8 kutoka ukutani. Rafu za ndani nazo zisikate njia: acha upenyo nyuma ya kila rafu, au tumia rafu za vipande vya mbao vilivyoachana. Amplifaya ikae juu kuliko vyote, la sivyo moto wake utapita kwenye king'amuzi kabla ya kutoka.

Hapa watu huuliza, kwa nini nisiweke feni tu? Weka, ila uielewe. Dar es Salaam feni hupotea katika muungurumo wa viyoyozi, bajaji na majirani. Usiku wa Karatu ni kimya, na ukingoni mwa kreta ni kimya zaidi, hivyo feni ndogo inayozunguka kwa kasi husikika hadi chumba cha pili. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Kelele inayozidi hapo huweza kuvuruga usingizi hata kama mtu haamki na asubuhi hakumbuki lolote. Kwa wenye nyumba za wageni na kambi za watalii, ambao mgeni wao amelipia ukimya ule, jambo hili ni la biashara pia.

Siri iko kwenye kasi. Ukipunguza mzunguko wa feni hadi nusu, hewa inapungua hadi nusu, lakini kelele inashuka kwa karibu desibeli 15. Feni mbili za mwendo huo zinarudisha hewa yote uliyoipoteza na kuongeza desibeli 3 tu. Faida inayobaki ni desibeli 12, na sikio la binadamu huhesabu desibeli 10 kuwa nusu ya ukelele. Kwa hiyo nunua feni mbili za kompyuta za sentimita 12, za volti 12, uziendeshe kwa volti 7 hadi 9. Zifunge juu zikivuta hewa kutoka ndani. Usizikaze moja kwa moja kwenye ubao, kwa sababu plaiwudi huitikia mtetemo na kuukuza. Kata vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli uviweke kati ya feni na mbao. Wavu wa kuzuia panya na mijusi usiguse feni, uwe mbele kwa sentimita chache, maana hewa ikikwaruzana na wavu hupiga mluzi.

Vumbi ndilo adui mkaidi wa huku. Udongo mwekundu wa Karatu, uliotokana na mawe ya volkano, ni laini mno, na kiangazi hupenya hata dirisha lililofungwa. Ukiingia kwenye amplifaya hujipanga juu ya mapezi ya alumini ya kupozea na kuyavika koti. Kitambaa chepesi au sponji kwenye tundu la chini kitaudaka, mradi ukioshe mara kwa mara wakati wa kiangazi. Chujio lililoziba ni sawa na tundu lililozibwa.

Na hewa moto iende wapi? Fundi wa pwani angeitupa nje ya nyumba. Huku nisingeshauri hivyo. Nje, msimu wa ukungu, hewa imejaa unyevu, na ikirudi kwa tundu hilohilo hadi ndani ya kabati lililozimwa na kupoa usiku kucha, huacha matone kwenye chuma baridi, kisha kutu. Ingiza hewa ya sebuleni na uirudishe sebuleni. Katika baridi ya Julai, wati 100 za joto la bure si za kutupa.

Ila kanuni hiyo ina sharti moja, nalo ni zito: hewa inayorudi sebuleni iwe hewa tu. Betri za asidi, hasa zile za kuongezwa maji, hutoa gesi ya haidrojeni zinapochajiwa. Ikifika asilimia 4 ya hewa ya mahali palipofungwa inaweza kulipuka, na cheche ya stabilaiza inatosha kuiwasha. Betri iliyochajiwa kupita kiasi inaweza pia kutoa gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu. Mvuke wa asidi nao hula nyaya za vyombo vilivyo jirani. Betri hizo zikae kwenye chumba chao, chenye tundu juu kabisa ya ukuta linalotoa hewa nje, kwa kuwa haidrojeni hupanda. Betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma hazitoi haidrojeni zikifanya kazi kama kawaida, ila nazo hazipendi joto.

Wala matundu ya kabati yasimfanye mtu aone kuwa chumba kina hewa ya kutosha. Jiko la mkaa lililoletwa sebuleni kukata baridi, au jenereta inayonguruma chini ya dirisha, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Katika mwinuko ambao oksijeni yenyewe ni haba, mwili una akiba ndogo ya kuihimili. Feni ya kabati haiiondoi gesi hiyo. Inaizungusha tu chumbani.

Matundu yanaweza kusubiri Jumamosi, seremala akiwa na nafasi. Betri haisubiri. Kama unayo ya asidi ndani ya kabati la televisheni, itoe leo, kabla hujaichaji tena.