Mpira hauangushi kizazi

Oktoba 2025 Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, waliitoa Gambia, wakakata tiketi ya Kombe la Afrika la Wanawake nchini Morocco, mara yao ya kwanza kufuzu tangu mashindano ya Cameroon ya 2016. Wasichana wa visiwa hivi vya Lamu wakataka kucheza, na mimi swali lile lile likanirudia: "Dakta, mtoto wa kike akicheza mpira hashuki kizazi?" Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Swali hilo nimeulizwa na akina mama wa Langoni, na mashangazi wa Faza, hata na walimu.

Jibu ni hapana. Mji wa mimba wa msichana ambaye hajazaa si mkubwa kuliko pera. Umekaa chini ndani ya nyonga, mbele yake pana kibofu na mfupa wa kinena, nyuma pana utumbo na mifupa ya mgongo. Kano zimeushika na misuli ya chini ya nyonga inaubeba. Mpira ukimpiga tumboni utamkata pumzi, lakini huko hautafika. Kama hofu ni viungo vya uzazi kuumia uwanjani, basi walio hatarini zaidi ni wavulana, ambao korodani zao ziko nje. Sijawahi kuletewa mvulana na mzazi anayetaka aachishwe mpira kwa ajili ya watoto atakaokuja kuzaa.

Kushuka kizazi ni maradhi ya kweli, nami huyaona. Huwapata zaidi wanawake waliozaa mara nyingi, hasa waliosukuma kwa saa nyingi; waliokoma hedhi; wenye kikohozi kisichokwisha; wanaofunga choo kwa miaka; na waliobeba mizigo mizito maisha yao yote. Hapo kwenye mizigo ndipo subira inaponiishia. Msichana anayekatazwa kukimbia jioni, asubuhi hiyo hiyo ametoka jabiani na dumu la maji la lita 20 kichwani, akarudi kuchota jingine. Mbona huko hakuna anayekiulizia kizazi chake?

Ubaya wa imani hii ni dawa zake. Nimeletewa msichana aliyelalamika kwamba akikimbia pumzi hazimtoshi. Alipoinua jezi nikaona mkaja umezungushwa kutoka mbavuni hadi nyongani, umekazwa hadi ngozi imeacha alama, naye anapumua kwa mabega. Nyumbani walimfunga ili kizazi "kisichezecheze". Mkaja ukikazwa namna hiyo huongeza shinikizo ndani ya tumbo, na shinikizo hilo husukuma kuelekea chini, ndiko wanakoogopa kizazi kiende. Pia huzuia kiwambo, msuli wa pumzi ulio chini ya mapafu, kushuka, na bila kiwambo kushuka hakuna pumzi ya kukimbilia. Mkaja wa mzazi aliyetoka kujifungua una mahali pake, na wakunga wetu nawaheshimu. Kwa mchezaji hauna kazi.

Dawa ya pili ni kukandwa tumbo "kupandisha kizazi" kila msichana anapoumwa baada ya mazoezi. Tumbo la msichana linaweza kuuma kwa hedhi, kwa uvimbe kwenye kokwa la mayai, au kwa kidole tumbo. Kidole tumbo kilichovimba kikikandwa kwa nguvu kinaweza kupasuka, na mgonjwa wa Kizingitini ana safari ya boti kabla ya kumfikia daktari wa upasuaji. Maumivu makali upande wa kulia chini, pamoja na homa au kutapika, ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Wapo wanaoniambia hii ni hekima ya wazee wetu. Ulaya iliamini hayo hayo, ikayatungia na sheria. Desemba 1921 chama cha soka cha Uingereza kiliwafungia wanawake viwanja vya klabu zake, mwaka mmoja tu baada ya mechi yao kujaza watu 53,000 uwanjani Goodison Park, Liverpool, na madaktari wa zama hizo walikuwapo kudai kwamba mpira unaharibu mwili wa mwanamke. Katazo hilo lilidumu takriban miaka 50. Ujerumani Magharibi ikakataza 1955, ikadai mwili na roho vitadhurika, ikaruhusu 1970. Wanawake wa Ujerumani wakatwaa Kombe la Dunia 2003 na 2007. Joy Fawcett wa Marekani alizaa mabinti watatu, 1994, 1997 na 2001, na katika Kombe la Dunia la 1995, la 1999 na la 2003 alicheza kila dakika ya mechi za timu yake. Na kwa anayeona haya ni mambo ya Wazungu, bingwa wa kwanza wa wanawake wa CECAFA, mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, 1986, ni Zanzibar.

Nyuma ya swali hili lipo jingine, huulizwa mlango ukishafungwa: na ubikira je? Utando ule kwa kawaida una uwazi tangu kuzaliwa, umbo lake hutofautiana kwa kila msichana, na hakuna daktari wala mkunga awezaye kuutazama akasoma mwenendo wa mtu. Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walilisema hilo wazi 2018, wakataka upimaji huo ukomeshwe. Mzazi anayeijali stara ya mwanawe asimpeleke kuchunguzwa.

Badala ya hayo, ulizeni kuhusu hedhi. Msichana anayefanya mazoezi kila siku kwa chai ya rangi na hamri moja, hedhi yake inaweza kukatika na mifupa kudhoofika. Kinachoikata ni upungufu wa chakula, na akila vya kutosha kwa kawaida hurudi. Miezi mitatu bila hedhi, aende kliniki.

Ulizeni na kuhusu goti. Wasichana hukatika kano ya ndani ya goti mara mbili hadi tatu zaidi ya wavulana, mara nyingi bila kuguswa na mtu, wakati wa kutua au kugeuka ghafla. Mwambie aruke kutoka barazani, wewe umtazame kwa mbele: magoti yakiingia ndani anapotua, ana kazi ya kufanya. Kazi yenyewe ni dakika 20 za kupasha mwili: kukimbia taratibu, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakielekea vidoleni. Mpango wa FIFA wa namna hiyo, uliopimwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 na matokeo yakachapishwa 2008, ulipunguza majeraha kwa karibu theluthi.

Mengine ni mepesi. Sidiria inayobana vyema. Maji, na chakula kabla na baada. Ramadhani, mazoezi mazito yawe baada ya futari. Hijabu ya kitambaa chepesi isiyo na pini: kanuni za soka zinairuhusu tangu 2014, na Nouhaila Benzina wa Morocco aliivaa Kombe la Dunia la 2023. Goti likilia "pa!" na kuvimba ndani ya saa chache, atoke uwanjani, awekewe barafu iliyofungwa kwa kitambaa, asikandwe na yeyote, na apimwe kabla ya kugusa mpira tena.