Sinema za Mazimwi: Tuwaonyeshe Watoto Wetu?

Katika kliniki ya watoto tumezoea maswali ya chanjo, uji na minyoo. Siku hizi lipo na swali jingine, ambalo mama huliuliza akiwa ameshafunga mtoto mgongoni tayari kuondoka: "Sista, huyu kaka yake halali usiku. Aliona sinema."

Tukubaliane kwanza kwamba kumtisha mtoto hakukuletwa na televisheni. Bibi zetu wa huku mlimani walisimulia habari za zimwi lenye kumeza watu na ng'ombe wao. Jirani zetu Wachagga humwita irimu. Watoto waliogopa, na kesho yake wakaomba hadithi ileile. Lakini bibi alikuwepo, mtoto amemwegemea goti, moto unawaka. Akiona macho yamemtoka mjukuu, alilifupisha zimwi likafa mapema. Kibanda umiza hakifanyi hivyo. Mle ndani mtoto wa miaka sita hubanwa gizani kati ya vijana wakubwa wanaocheka, na akilia hufukuzwa. Simu ya baba iliyoachwa kitandani nayo haina tofauti kubwa.

Kwa hiyo swali langu kwa wazazi si kama mtoto aone zimwi au asione. Ataliona. Swali ni lipi, akiwa na umri gani, na ameketi na nani.

Mimi napendelea sinema za zamani. Frankenstein na Dracula zilitolewa Marekani mwaka 1931, King Kong mwaka 1933, na Godzilla Japani mwaka 1954. Hazina rangi, huenda polepole, na mtoto wa miaka kumi akitazama vizuri huona mkono wa fundi. Yule sokwe Kong, anayepanda jengo la Empire State kule New York, kwa sehemu kubwa ni kinyago chenye mifupa ya chuma kilichovikwa manyoya, kimo chake kama sentimeta 45. Willis O'Brien na wenzake walikisogeza kidogo, wakapiga picha, wakakisogeza tena. Godzilla ni mtu aliyevaa vazi zito akikanyaga nyumba za mfano. Jitu la Frankenstein ni mwigizaji Boris Karloff, ambaye kila siku ya kazi alikaa saa kadhaa akipakwa na kubandikwa uso ule.

Mwambie mtoto mambo hayo kabla ya kuanza, si baada ya kulia. Hapa kwetu tunao mfano wa karibu: sinema ya Hatari! ya mwaka 1962, aliyoigiza John Wayne, ilipigwa picha Arusha na Momella, chini ya Mlima Meru. Mtoto wa Usa River anayejua kwamba watu walikuja na kamera mahali anapopafahamu, wakaigiza, kisha wakaenda zao, ameshaelewa nusu ya somo.

Lakini ukongwe peke yake si usalama. Katika Frankenstein jitu linamtupa msichana mdogo ziwani likidhani ataelea kama ua, naye anazama. Mwanafunzi wa darasa la pili simwonyeshi hiyo. Na King Kong inawaonyesha watu weusi wa kisiwani kama washenzi. Mzazi asiyelisema hilo waziwazi anamwachia mtoto kidonda cha namna nyingine.

Zinazonipa wasiwasi zaidi ni sinema za mapepo na uchawi, za Nigeria na za kwetu. Tangu Mussa Banzi alipotoa Shumileta katika miaka ya 2000 tumekuwa nazo nyingi. Sizilaumu kwa watu wazima. Ila mtoto wa Ngarenaro hategemei kukutana na sokwe mkubwa kama ghorofa. Akiona pepo anaingia katika nyumba kama yao, kwa mama aliyevaa khanga kama ya mama yake, na watu wazima waliomzunguka wanasema, "Haya yapo kweli," atajitetea kwa nini? Watu wazima wenyewe hawawezi. Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa ulipoenea Unguja na Pemba, familia nzima zililala nje kwa makundi.

Umri una maana kubwa. Watafiti Cynthia Hoffner na Joanne Cantor wa Marekani waliwaonyesha watoto mwanamke mmoja katika filamu, mara ana sura ya kutisha, mara sura nzuri, mara mwema, mara katili. Wale wa miaka 3 hadi 5 walimhukumu zaidi kwa sura, wa miaka 9 na 10 kwa matendo. Ndiyo maana maneno "si kweli, ni rangi tu" humsaidia mkubwa lakini hayamfikii mdogo. Mdogo anataka kukumbatiwa, kikombe cha maziwa, na taa. Chini ya miaka saba, zimwi libaki katika hadithi ya bibi. Baada ya hapo iwe mchana wa Jumamosi, mzazi ameketi pale, na mtoto akisema "zima", inazimwa bila kuchekwa. Wala usimtishe kwa zimwi hilohilo ili ale au alale, na akikojoa kitandani asichapwe.

Sasa habari ya usiku wenyewe. Mtoto aliyeota ndoto mbaya huamka, hukutambua, hukusimulia. Mtulize, umrudishe kulala. Yuko mwingine anayeweweseka: saa moja au mbili baada ya kulala anaketi ghafla, macho wazi, anapiga kelele, hakutambui, na asubuhi hakumbuki kitu. Huyu usimtikise. Mlinde asianguke, naye atalala mwenyewe. Wengi huacha wakikua.

Lakini mtoto mwenye joto kali anayeongea ovyo, au anayekakamaa na kutupa mikono na miguu, huyo si sinema na si pepo. Inaweza kuwa malaria, hasa kama amerudi karibuni kutoka sehemu za joto, au uti wa mgongo, au degedege la homa. Bila homa, huenda ni kifafa. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimmwagie mafuta ya taa, mlete hospitali usiku uleule. Asubuhi itakuwa tumechelewa.