Tembo Huyu, Mama Yake Yuko Wapi?
Wengi wetu tuliozaliwa hapa Uingereza tulimwona tembo kwa mara ya kwanza kwenye bustani ya wanyama, tukadhani ana raha. Kumbe siyo. Kule Amboseli, Kenya, watafiti wanawafuatilia tembo mmoja mmoja tangu 1972. Mwaka 2008 takwimu zao zililinganishwa na za bustani za Ulaya. Nusu ya tembo jike wa Kiafrika waliozaliwa bustanini hawakufika miaka 17. Amboseli, ukiacha waliouawa na binadamu, nusu walifika 56. Porini bibi ndiye huongoza familia, na mabinti hawaachani na mama zao. Basi bustani zisiwatenganishe. Nasi tukienda tena, tuulize: tembo huyu, mama yake yuko wapi?